Akiba Haiozi: Tujikinge na Virusi vya Kompyuta

Haya ni maelezo ya afisa wa TEKNOHAMA wa kaunti mbele ya wenye saiba, walimu, waweka hazina wa vyama na wakazi wengine katika mkutano wa hamasisho kuhusu usalama wa kompyuta na simu. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.

 

Naomba kila mmoja afikirie kompyuta au simu anayoitumia. Ikizimika leo na isiwake tena, utapoteza nini? Mwalimu atapoteza alama za muhula mzima. Mweka hazina atapoteza hesabu za michango ya chama, na Jumapili wanachama watamwuliza. Mwanafunzi wa chuo atapoteza mradi alioutungia miezi. Mwenye duka atapoteza orodha ya wadeni wake. Mjane atapoteza picha za marehemu. Kompyuta yenyewe inaweza kununuliwa nyingine. Kilichokuwa ndani hakiuzwi dukani.

Leo nitaeleza virusi vinaingia vipi na tunavizuia vipi. Lakini nikiri mapema kwamba hakuna mlango unaofungika kabisa. Kwa hiyo kama utasahau yote nitakayosema, nakuomba ukumbuke jambo moja: weka nakala ya kazi yako mahali ambapo haijaunganishwa na kompyuta. Wazee walisema akiba haiozi, na hapa ndipo maneno hayo yanapofaa.

Kirusi ni nini?

Kirusi cha kompyuta si mdudu, wala hakiletwi na vumbi. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na binadamu kama programu nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba kimeandikwa kijinakili chenyewe na kufanya kazi ambayo wewe hukuiagiza. Kirusi cha mafua huhitaji mwili wa mtu ili kiishi na kuenea. Cha kompyuta nacho huhitaji faili au programu ya kujibandika, halafu husubiri mtu aifungue.

Miongoni mwa virusi vya kwanza kuenea duniani katika kompyuta ndogo za mezani ni kile kilichoitwa Brain, cha mwaka 1986. Kiliandikwa na ndugu wawili waliokuwa na duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan. Walisema nia yao ilikuwa kuwafuatilia watu walionakili programu yao bila ruhusa, na ndani ya kirusi hicho waliandika majina yao, anwani na nambari za simu. Diski zikapita mkono kwa mkono, nchi kwa nchi, mpaka wakaanza kupigiwa simu kutoka ng'ambo. Angalieni kwamba hakikuhitaji intaneti. Kilihitaji tu watu wanaoazimana diski. Sisi leo tunaazimana flashi.

Katika mazungumzo ya kila siku tunaita kila programu mbaya "virusi", na si vibaya. Lakini ni vyema kujua kwamba ziko za namna mbalimbali. Iko inayojibandika kwenye faili na kungoja ifunguliwe. Iko inayoitwa mnyoo, ambayo husafiri yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia mtandao bila mtu kubonyeza chochote. Iko inayojifanya kitu kizuri, kama mchezo au programu ya mkopo, kumbe ndani imebeba kingine. Iko ya kijasusi, inayorekodi kila unachoandika, pamoja na nywila. Na iko ya kudai fidia. Hii hufunga faili zako kwa msimbo usioweza kuufungua, kisha huandika kwenye skrini: lipa, ndipo upewe ufunguo.

Si kila hitilafu ni kirusi

Kabla hujamlipa fundi aondoe virusi, hakikisha vipo. Kompyuta ikienda polepole huenda diski imejaa, au vumbi limeziba feni, au ni kuukuu tu. Simu inayoisha chaji haraka huenda betri yake imechoka. Hata mnapokumbuka Julai 2023, huduma za eCitizen ziliposumbua, hakuna kirusi kilichoingia kwenye simu zenu. Washambulizi walimimina maombi mengi mno kwenye mfumo kwa wakati mmoja. Ni kama mlango wa benki uliozibwa na umati wa watu wasio na shughuli, mpaka mteja wa kweli asiweze kupita.

Dalili za kutia shaka ni hizi: folda kwenye flashi zimegeuka kuwa alama za njia ya mkato zenye kishale kidogo, faili zimepata majina mageni na hazifunguki, programu ya kuzuia virusi imezimika yenyewe, marafiki wanapokea ujumbe kutoka kwako ambao hukuutuma, bando linaisha ilhali hujatumia, matangazo yanajitokeza hata ukiwa hujafungua mtandao. Ukiona moja, chunguza. Ukiona mawili au matatu, simamisha kazi.

Milango tunayoifungua wenyewe

Mlango wa kwanza ni flashi. Nani hapa hajawahi kuchomeka flashi kwenye saiba aprinti barua, halafu akifika nyumbani akute folda zote ni njia za mkato? Kirusi cha aina hii huzificha faili zako za kweli, kisha huweka alama zenye majina yaleyale. Ukibonyeza alama hiyo unakiamsha kirusi, na hapohapo kinakufungulia folda yako ili usishuku kitu. Habari njema ni kwamba mara nyingi faili hazijafutwa, zimefichwa tu. Kwa hiyo usikimbilie kuifuta flashi yote. Ipeleke kwa fundi aisafishe kwa programu ya kuzuia virusi, kisha azifichue faili.

Mlango wa pili ni kiambatisho cha barua pepe au faili ya WhatsApp. Tarehe 4 Mei 2000 kirusi kimoja kutoka Ufilipino kilizunguka dunia kwa muda wa saa chache tu. Kilikuja kama barua pepe yenye kichwa cha habari kinachosema "nakupenda", na ndani mlikuwa na faili iliyoonekana kama barua ya mapenzi. Aliyeifungua, kirusi kilijituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha yake ya anwani. Kwa hiyo kila mpokeaji aliona barua imetoka kwa mtu anayemjua. Hapo ndipo wengi walinaswa, na hapo ndipo tunanaswa hadi leo. Kumjua mtumaji hakutoshi. Jiulize: nilikuwa ninatarajia faili hii? Kama hapana, mpigie simu umwulize kama ameituma yeye.

Kirusi hicho kilikuwa na ujanja mwingine. Jina la faili lilionekana kuishia kwa herufi za faili ya maandishi ya kawaida, kumbe baada yake palikuwa na herufi nyingine ambazo kompyuta ilizificha. Hata leo unaweza kupokea faili inayoonekana ni wasifu wa mtu anayetafuta kazi, kumbe jina lake linaishia kwa "exe", maana yake ni programu. Kwenye mipangilio ya Windows, iambie kompyuta ionyeshe jina zima la faili. Hatua hiyo haichukui hata dakika moja.

Mlango wa tatu ni programu za wizi. Nazungumza na vijana wangu hapa. Ile programu ya kuhariri video au kuandika hesabu inayouzwa kwa pesa nyingi, wewe umeipata bure pamoja na kidude cha kuvunja kufuli yake. Na maelekezo yanakwambia uzime kwanza programu ya kuzuia virusi. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, unamwelewaje? Ziko programu halali za bure, kama LibreOffice kwa kuandika na kupiga hesabu. Zitumieni hizo.

Mlango wa nne ni simu. Wengi wetu hatuna kompyuta, lakini benki yetu, chama chetu na barua zetu zote zimo kwenye simu. Matapeli hutuma kwenye WhatsApp faili zinazoishia kwa "apk", wakisema ni mwaliko wa harusi, ni programu ya mkopo wa haraka, au ni orodha ya walioajiriwa. Ukiiweka, inakuomba ruhusa ya kusoma jumbe zako. Ukikubali, nambari za siri zinazotumwa na benki kwa ujumbe mfupi huzisomi peke yako tena. Wenye simu za Android, pakueni programu kutoka Google Play pekee, na msome ruhusa inayoombwa. Tochi haina haja ya kusoma jumbe zako wala kujua majina ya jamaa zako.

Mlango wa tano ni kuahirisha masasisho. Kompyuta inakwambia iko tayari kusasishwa, nawe unabonyeza "baadaye" mwaka mzima. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mmoja katika Windows. Karibu miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, mnyoo wa kudai fidia ulioitwa WannaCry uliingilia ufa huohuo na kufika katika nchi zaidi ya 150. Nchini Uingereza hospitali za umma zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kompyuta zilizokuwa zimewekwa sasisho la Machi, ufa huo ulikuwa umezibwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu masasisho, wenye saiba na wakuu wa shule wanisikilize vizuri. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma hiyo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo bado zinawaka na kufanya kazi, na ndiyo maana watu hawaoni hatari. Lakini ufa mpya ukigunduliwa hauzibwi tena bila mpango maalumu. Kama huwezi kununua mpya sasa hivi, usiweke humo taarifa za watu wengine, na usiitumie kwa mambo ya benki.

Kampuni kubwa iliyookolewa na kupotea kwa stima

Mtu ataniambia, afisa, mimi nafunga milango yote hiyo, niko salama. Nitamjibu kwa kisa cha Maersk, kampuni ya Denmark yenye meli za makontena zinazotia nanga hata hapa Mombasa.

Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichopewa jina NotPetya kilianza kuenea kutoka Ukraine. Washambulizi walikuwa wamekiingiza ndani ya sasisho la programu halali ya uhasibu, ambayo kampuni nyingi za huko huitumia kupeleka taarifa za kodi. Watumiaji hawakufanya upuuzi wowote. Walisasisha programu waliyoiamini. Kampuni ya Maersk ilikuwa na ofisi Ukraine, na kutoka hapo kirusi kikaingia katika mtandao wake wa dunia nzima. Skrini zilizimika moja baada ya nyingine. Malori yalipanga foleni kwenye vituo vyake vya bandari bila mtu kujua kontena lipi ni la nani. Kwenye skrini kulikuwa na dai la fidia, lakini hata aliyelipa hakuweza kurudishiwa faili zake. Kirusi kile kilikuwa cha kuharibu tu.

Kampuni ilikuwa na nakala za faili nyingi. Iliyokosekana ni nakala ya zile kompyuta kuu zinazotunza orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao. Zilikuwa takriban 150, zimesambazwa duniani, na kila moja ilinakili yaliyomo kwenye zenzake. Wahusika walidhani kwamba moja ikiharibika, nyingine zitaokoa. Lakini kwa kuwa zote zilikuwa zimeunganishwa, zote zilifutwa pamoja.

Zote isipokuwa moja. Kwa mujibu wa maelezo yaliyochapishwa mwaka uliofuata, moja iliyokuwa katika ofisi ya Ghana ilikuwa nje ya mtandao kirusi kilipopita, kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Intaneti ya huko haikuweza kutuma data nyingi vile kwa haraka, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski hiyo kwenye uwanja wa ndege, naye akaifikisha Uingereza. Kutokana na diski hiyo kampuni ilianza kujijenga upya. Katika muda wa siku 10 iliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300 za Marekani.

Ndugu zangu, hapa sisi hulalamika stima ikipotea, na tuna haki. Lakini tazameni kilichoiokoa kampuni ile. Ni nakala moja iliyokuwa imechomolewa, tena kwa bahati tu. Sisi tusingoje bahati. Tuchomoe wenyewe.

Namna ya kuweka akiba

Kanuni ni rahisi, na wataalamu huitaja kwa tarakimu tatu: tatu, mbili, moja. Kuwa na nakala tatu za kazi yako, ile unayoitumia na nyingine mbili. Ziwe kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, kwa mfano kompyuta na diski ya nje. Na moja ikae mahali pengine kabisa, isiwe chini ya paa moja na nyingine, kwa sababu moto, mafuriko na mwizi navyo havibagui.

Kwa mweka hazina wa chama, hii ina maana gani? Hesabu ziko kwenye kompyuta. Kila baada ya mkutano unazinakili kwenye diski ya nje au flashi isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote. Ukimaliza, unaichomoa na kuifungia kabatini. Diski inayoshinda imechomekwa si akiba, kwani kirusi kikiingia kitaikuta hapohapo. Nakala ya tatu unaituma kwenye hifadhi ya mtandaoni, au unamkabidhi katibu akae nayo kwake. Akaunti ya Google hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo, na hesabu za chama haziwezi kuijaza leo wala kesho.

Jambo la mwisho kuhusu akiba, jaribu kuifungua. Mara moja kwa mwezi, ichukue ile flashi, ifungue kwenye kompyuta safi, na uone kama faili zinasomeka. Mkulima huikagua ghala kabla ya njaa.

Kirusi kikishaingia

Kwanza, tenganisha. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, chomoa flashi. Kwenye simu, washa hali ya ndegeni. Pili, usichomeke diski yako ya akiba kwenye kompyuta hiyo kabla haijasafishwa, kwa maana utaipoteza nayo. Tatu, kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, badilisha nywila, ukianza na ya barua pepe, kwa sababu kwayo nyingine zote hubadilishwa. Nne, kama ni simu yenye pesa, wapigie benki na kampuni yako ya simu mara moja. Tano, piga picha ya kilicho kwenye skrini, itasaidia uchunguzi.

Na ukidaiwa fidia, ushauri wetu ni usilipe. Unayemlipa ni mhalifu, na hakuna anayekuhakikishia kwamba atakupa ufunguo. Umesikia ya NotPetya.

Sheria nayo ipo. Wakati wa kile kirusi cha barua ya mapenzi, Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshtaki mtu kwa kosa kama hilo, na mashtaka yakaondolewa. Kenya tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018. Kuingia tu kwenye mfumo wa mwenzako bila idhini ni kosa linaloweza kukutoza faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Taarifa za mashambulizi hupokelewa na kituo cha kitaifa kinachoitwa KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na pia unaweza kuripoti kwenye kituo cha polisi.

Shule, zahanati za binafsi na Sacco mjue jambo jingine. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za watu mnazoziweka zikiangukia mikononi mwa asiyehusika na watu hao wakawa hatarini kudhurika, mna saa 72 tangu mjue kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kunyamaza ili kuficha aibu hakusaidii, na humwacha mgonjwa au mwanachama bila kujua kwamba taarifa zake zimeibwa.

Maswali kutoka kwa wakazi

Mwenye saiba: Wateja wangu wote wanakuja na flashi. Nikiwakataza nitafunga duka. Nifanyeje?

Jibu: Usiwakataze, ndugu yangu. Tenga kompyuta moja iwe ya kupokelea flashi, na kila flashi ikaguliwe kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufunguliwa. Wateja watumie akaunti ya kawaida isiyoweza kuweka programu mpya. Akaunti ya msimamizi ibaki yako peke yako. Na jioni, futa faili walizoacha watu. Nakala za vitambulisho na vyeti vya watu hazifai kubaki kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mtu. Nawe mteja, ukimaliza, ondoka kwenye akaunti yako, na kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi nywila, kataa.

Mama wa chama: Mimi sina kompyuta, nina simu hii tu. Akiba nitaiweka wapi?

Jibu: Mama, lile daftari lako la karatasi usilitupe. Hakuna kirusi kinachoingia kwenye daftari. Endelea kuandika, halafu kila mwezi lipige picha na umtumie katibu. Picha na majina ya watu kwenye simu, washa uhifadhi wa akaunti yako ya Google. Na nambari ya siri ya M-Pesa usiiandike popote kwenye simu.

Mwanafunzi: Je, programu ya bure ya kuzuia virusi inatosha, ama lazima ninunue?

Jibu: Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender ndani yake, bila malipo. Kwa mtumiaji wa kawaida inatosha, mradi usiizime na uisasishe. Lakini kumbuka inavitambua vizuri zaidi virusi vinavyojulikana. Kipya kabisa huenda kikapita. Ndiyo maana narudi palepale kwenye akiba, hasa wewe mwenye mradi wa chuo.

Mzee mmoja: Nimetumiwa ujumbe kwamba nikipokea simu kutoka nambari fulani, virusi vitaingia. Ni kweli?

Jibu: Baba, jumbe nyingi za aina hiyo ni uvumi, na kazi yake ni kututia hofu tuzisambaze. Lakini nitasema ukweli wote. Mwaka 2019 WhatsApp iligundua dosari iliyowawezesha washambulizi kuingiza programu ya kijasusi kwa kupiga simu kupitia WhatsApp, hata kama mwenye simu hakupokea. Waliolengwa walikuwa takriban watu 1,400 duniani, na mwezi Mei mwaka huohuo WhatsApp ikatoa sasisho la kuiziba. Kwa hiyo dawa yake si kuogopa kupokea simu. Ni kusasisha programu zako. Na ujumbe ule, tafadhali usiutume kwa mwingine.

Ndugu zangu, tunaachana hapa. Mtakaporudi nyumbani leo, kabla ya kulala, kila mmoja achague kitu kimoja asichoweza kukipoteza: hesabu, mradi, picha au hati ya shamba aliyoipiga picha. Aweke nakala yake, aichomoe, na aiweke pema. Anayehitaji kuonyeshwa jinsi ya kufanya hivyo afike katika ofisi ya TEKNOHAMA ya kaunti, au aulize kwa Msimamizi wa Wadi ili aelekezwe.